Sindano Haikuwa ya Mimba

Kila asubuhi Jedidah aliondoa miiba mlangoni mwa boma. Ng'ombe wanne walitoka: Njiru mweusi, Ndune mwekundu, na mitamba wawili ambao walikuwa hawajazaa. Mumewe, Mbaka, aliwafuata kwa fimbo hadi njia panda. Hapo walichanganyika na ng'ombe wa majirani.

Ndivyo watu wa upande huu wa Gachoka walivyofuga. Kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kuchunga ng'ombe wa wote. Hiyo ndiyo zamu. Aliyetoa ng'ombe wake kwenye zamu alionekana amewakana majirani.

Fahali wa kundi alikuwa mmoja, mali ya Kathuri. Kathuri na Mbaka walikuwa rika moja, na walitaniana tangu utotoni. Fahali huyo ndiye aliyezaa mitamba wa Mbaka. Sasa walikuwa wakubwa, naye alikuwa bado ndiye fahali wa kundi.

"Baba Muriithi," Jedidah alisema siku moja, "wewe utakubali mtoto azae na babake?"

"Maneno gani hayo asubuhi?"

"Hao mitamba. Ndama wa namna hiyo huwa dhaifu. Na hata Njiru, aliyezaa na fahali ambaye si ndugu yake, alizaa mwezi wa Agosti. Ulimwona ndama wake?"

Mbaka alichukua fimbo. Alikuwa amemwona. Agosti hakukuwa na nyasi. Njiru alikosa maziwa, na ndama akafa kabla mvua haijanyesha. Walikuwa wakifuga ng'ombe wa nyama, lakini hawakuwa na nyama wala ng'ombe wa kuuza.

Mbaka alikuwa amejaribu njia nyingine. Wakati huo fahali wa Kathuri alikuwa ameazimwa na shemeji yake kule Karurumo. Basi mara mbili Mbaka alimwita mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija, yule ambaye huja na mbegu ya fahali bora ndani ya mtungi wa baridi. Mara mbili mtaalamu alikuta joto limepita. Joto ni ile hali ya ng'ombe kutaka fahali. Halikai. Likianza jioni, kesho jioni limeisha. Na kutoka Embu, alikokaa mtaalamu, hadi Gachoka si karibu.

Mwezi wa Januari, daktari wa mifugo aitwaye Cicily alifika. Alikuwa mama mnene mwenye sauti kubwa.

"Nitazunguka huku chini msimu huu mmoja tu," alisema. "Nataka ng'ombe wote wapate joto pamoja, niwapandishe siku moja. Wakipata mimba mwanzoni mwa Februari, watazaa Novemba, majani yakiwa mabichi. Mkikosa sasa, mngoje mwaka mwingine."

Aliwapima ng'ombe mmoja mmoja kwa mkono. "Lazima nijue kama kuna aliye na mimba. Dawa hii inatoa mimba. Hata mwanamke mjamzito asiishike." Kisha alitazama mbavu zao. "Wana afya. Ng'ombe aliyekonda hata ukimdunga hapati joto."

Akawadunga wote wanne sindano moja moja. Alimweleza Jedidah kwamba angerudi kuwadunga tena baada ya siku kumi na moja. Mbaka hakusikia sehemu hiyo. Alikuwa ameshakimbia sokoni Gachoka.

"Ng'ombe zangu zina mimba!" aliwaambia watu. "Zote nne! Sindano moja tu!"

"Bila ndume?" Kathuri aliuliza.

"Bila ndume. Ndume ni kwako tu, rafiki yangu. Sisi tumeendelea."

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya Kathuri kuchunga. Fahali wake alikuwa anarudi siku hiyo kutoka Karurumo. Saa nne hivi, Mbaka alisikia akiitwa kutoka malishoni. Alikwenda mbio. Njiru alikuwa amesimama tuli, na mtamba mmoja alikuwa anampanda. Kisha Njiru akageuka, akampanda mtamba. Ndune na yule mtamba mwingine walikula nyasi kama kwamba hakuna jambo.

Kathuri alikuwa amekaa juu ya jiwe, anacheka mpaka machozi. Aliimba:

"Mimba ya sindano, leo imetoka,
Ng'ombe zake Mbaka, ona zinaruka!"

Kichwa kilimzunguka Mbaka. Ng'ombe mwenye mimba hataki kupandwa. Basi mimba ya Njiru ilikuwa imetoka? Na ya Ndune ilikuwa imeshika? Sindano ilikuwa moja, chupa moja, siku moja. Mbona wawili hivi na wawili vile?

"Usilie," Kathuri alisema. "Ndume yangu inaingia jioni. Niletee kibuyu cha asali kama desturi, nayo itarekebisha mambo."

Mbaka alirudi nyumbani amekunja uso.

"Mama Muriithi, toa asali. Yule daktari ametudanganya."

"Asali ya nini?"

"Ya ndume ya Kathuri. Mimba mbili zimeanguka."

"Mimba gani? Ng'ombe hawajapandishwa bado!"

"Wamedungwa!"

"Kudungwa si kupandishwa!"

"Wewe umejuaje?"

Jedidah alijua tu kwamba daktari alisema atarudi. Alimpigia simu, naye akamwambia awatenge ng'ombe na fahali. Kisha alichukua kamba, akaenda malishoni, akawatoa ng'ombe wote wanne kundini mbele ya macho ya Kathuri.

"Jedidah, mmekataa zamu?" Kathuri aliuliza. Hakucheka tena.

"Kwa siku chache tu."

"Ng'ombe zenu zimekuwa za wazungu? Haziwezi kula na zetu?"

Jedidah aliwaswaga kuelekea nyumbani. Njia nzima alisikia aibu mgongoni.

Kesho yake Cicily alifika. Mbaka alimngoja mlangoni.

"Daktari, nieleze pole pole. Njiru ana mimba au hana?"

"Hana."

"Ndune, ambaye hakuruka, anayo?"

"Hana."

"Kwa hivyo aliyeruka hana, na asiyeruka pia hana?"

"Hakuna aliye na mimba hata mmoja!" Cicily alicheka mpaka kuku wakakimbia. "Mzee, ile sindano haikuwa ya mimba. Ilikuwa ya kuita joto."

"Basi mbona wawili wameitika na wawili wamenyamaza?"

Cicily alikaa kwenye kigoda. "Sikiliza. Yai la ng'ombe likitoka, pale lilipotoka hubaki kivimbe kidogo. Kivimbe hicho ni kama askari wa mlango. Kikiwepo, joto haliingii. Dawa yangu inamfukuza askari. Umeelewa hapo?"

"Nimeelewa askari."

"Njiru na mtamba mmoja walikuwa na askari aliyekomaa. Nilimfukuza, joto likaingia. Ndune na mwenzake, yai lilikuwa limetoka siku chache tu zilizopita. Askari alikuwa bado mchanga, na dawa haimwezi askari mchanga. Sasa tukingoja zile siku kumi na moja, wa Ndune atakuwa amekomaa. Na Njiru atakuwa ameshapata mwingine, naye atakuwa tayari. Nikidunga mara ya pili, nawafukuza wote kwa pamoja."

Mbaka alihesabu kwa vidole, akapotea, akaanza tena. "Kwa hivyo sindano ya kwanza inawapanga mstari."

"Haya! Ya pili inawaita."

"Na mimba?"

"Mimba ni mrija. Siku ya tatu baada ya sindano ya pili. Lakini wakikutana na fahali kabla yangu, kazi yote imepotea, na wale mitamba watazaa na baba yao."

Basi Mbaka na Jedidah wakafuga nyumbani. Walikata majani kando ya kijito na kuyabeba mgongoni. Walichota maji kwa punda. Majirani walipita bila kusalimia. Mbaka alilala akiwa na wasiwasi. Je, askari wakikataa kutoka? Je, atakuwa amepoteza majirani na ndama pia?

Sindano ya pili ilidungwa. Siku ya tatu alfajiri, boma zima lilichafuka. Njiru alimpanda Ndune. Ndune alisimama tuli. Mitamba walilia na kuzunguka, ute mwangavu unaovutika ukining'inia nyuma yao.

"Wote wanne!" Jedidah alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani.

Kabla Mbaka hajajibu, waliona miiba ya boma ikitikisika. Fahali wa Kathuri alikuwa amekata kamba. Alisukuma kwa kifua, miiba ikamchoma, akasukuma tena. Mbaka alishika gogo. Jedidah alipiga sufuria na kupiga kelele. Fahali hakujali.

Kathuri alitokea mbio, shati mkononi.

"Usimpige!"

"Basi mtoe!"

"Ng'ombe zako ndizo zimemwita!"

"Rafiki yangu," Mbaka alisema, akihema, "leo tu. Nisaidie leo tu. Mwaka jana nilizika ndama. Ulinisaidia kuchimba shimo, wewe mwenyewe. Sitaki kuchimba tena."

Kathuri alimtazama, akatazama damu kwenye kifua cha fahali. Alitupa shati juu ya macho ya fahali, akashika pembe. Mbaka akatia kamba. Walimvuta pamoja hadi kwenye mti, wakamfunga mara tatu.

"Sasa nataka kuona huyo daktari anafanya nini," Kathuri alisema, akiketi. "Siondoki."

Cicily alifika mchana. Alitoa mbegu kwenye mtungi uliofuka moshi baridi. Alipandisha ng'ombe mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Ni hivyo tu?" Kathuri aliuliza.

"Ni hivyo tu."

"Ndume yangu hutumia nguvu zaidi."

Baada ya wiki tatu hivi, Jedidah aliwachungulia kila asubuhi na jioni. Mtamba mmoja alirudi kwenye joto, ishara kwamba hakushika mimba. Cicily alikuwa amewaambia kwamba si lazima wote washike. Watatu walitulia. Daktari alipowapima baadaye, kweli walikuwa na mimba. Nao wakarudi kwenye zamu, maana ng'ombe mwenye mimba hana shughuli na fahali. Yule mtamba mmoja alibaki nyumbani.

Novemba mvua ilinyesha. Wiki hiyo hiyo Njiru alizaa, kisha Ndune, kisha mtamba. Ndama walikuwa wakubwa, wekundu, na paji jeupe. Nyasi zilifika magotini. Njiru alikuwa na maziwa mengi kiasi kwamba yalidondoka alipotembea.

Asubuhi moja Mbaka alimbeba ndama mmoja, akampeleka kwa Njiru anyonye. Njiru alimpiga teke, ndama akaanguka upande mmoja na Mbaka upande mwingine.

"Huyo ni wa Ndune!" Jedidah alimwita.

Mbaka aliinuka, matope usoni. Alimpeleka ndama kwa Ndune. Ndune naye akampiga pembe.

"Samahani, ni wa mtamba!"

Mbaka alisimama katikati ya boma, ndama watatu wakimsukuma magotini, wote kimo kimoja, wote na njaa. Aliangalia huyu, akaangalia yule.

"Mama Muriithi," alisema, "mimi sijui tena nani ni wa nani." Na hakuonekana kuwa na haraka ya kujua.