Kifurushi Kisicho na Fundo

Sanduku lilipofunguliwa mbele ya mtunza makumbusho, Budha hakuwamo. Palikuwa na kopo la kinywaji cha wali mtamu, limeviringishiwa taulo dogo la mkahawani.

Bibi Pyo Sun-nyeo, mjane wa miaka sabini na saba, hakulia. Alilitazama kopo lile, akalitazama tena, kisha akakaa kitini polepole, mkono mmoja ukishika goti. Wifi yake, Tak Eul-sun, ndiye aliyelia kwa niaba ya wote wawili.

Inspekta Ok Gi-tae wa polisi wa Gyeongju alifika saa tisa na robo alasiri, petali za micheri zimemnata kwenye soli. Alikuwa mtu wa kusikiliza huku akitazama mikono ya watu, kwa kuwa midomo, alizoea kusema, hufunzwa uongo mapema kuliko vidole.

Bibi Pyo alimweleza yote bila haraka. Miaka mingi nyuma, baada ya vita, mkwewe alikuwa fundi mawe. Siku moja alishuka mlima Namsan, hapa Gyeongju, na sanamu ya Budha ya shaba, ndogo kama mchi wa kutwangia vitunguu saumu, akaificha nyuma ya mitungi. Mumewe Bibi Pyo aliirithi pamoja na aibu yake. Alipokuwa kitandani mara ya mwisho alimwomba mkewe jambo moja tu: airudishe Gyeongju kabla hajatimiza siku arobaini na tisa kaburini, maana siku hiyo roho ndiyo hupewa hukumu yake.

"Na siku hiyo ni lini, mama?" Inspekta aliuliza.

"Leo."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Makumbusho yangefungwa saa kumi na mbili jioni.

Walikuwa wamekuja asubuhi kwa treni kutoka Seoul, wazee kumi na wanane na kijana wa kuwaongoza, safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kifurushi, lile sanduku likiwa limefungwa kwa kitambaa cha hariri, kilikaa mapajani mwa Bibi Pyo njia nzima. Hakukiacha hata kidogo ila mkahawani, baada ya chakula, alipokwenda msalani. Magoti yake yalimchelewesha. Yapata dakika kumi. Wenzake walikuwa wametangulia kwenye makaburi ya wafalme. Waliobaki pale walikuwa watatu: kijana mwongozaji, mwanamume mmoja aliyeitwa Guk Bong-sik, na Eul-sun, aliyeachiwa kifurushi akilinde.

Eul-sun alikiri kwamba alisinzia, ameegemea ukuta, kwa uvuguvugu wa sakafu ya mkahawa, iliyopashwa moto kwa chini. Alijipiga kifuani akisema kaka yake hatamsamehe. Kisha akainama karibu na Inspekta, akanong'ona kwamba kijana yule aliomba kumbebea wifi yake mzigo mara tatu tangu asubuhi. Mara tatu.

Upekuzi ulifanyika. Polisi wawili walikagua mikoba yote, basi zima lililowachukua stesheni, hata chini ya viti. Hawakupata kitu. Kwenye kopo hapakuwa na alama za vidole. Lilikuwa limefutwa likang'aa.

Inspekta alianza na kijana. Aliitwa Ma Dong-hyeok, miaka thelathini, kola imelowa jasho.

"Makopo haya uliyagawa wewe kwenye treni?"

"Ndiyo, afande. Kila mtu moja."

"La kwako liko wapi?"

Kijana alimeza mate. "Nililiacha mezani mkahawani. Sikulinywa."

"Kwa hiyo hili ni lako."

"Huenda. Lakini mimi nilikuwa mlangoni nikiwapangia wazee viatu vyao, pua za viatu zielekee nje wasihangaike kuinama. Muulize mwenye mkahawa."

"Na mzigo wa bibi ulikuwashia nini hata uuombe mara tatu?"

"Bibi yangu angeniona simbebei mzee mzigo, angenichapa mpaka leo."

Inspekta nusura acheke. Hakucheka.

Guk alikuwa mgumu zaidi. Alikuwa muuza vitu vya kale, amenunua tiketi jana yake tu, na mfukoni alikuwa na kioo cha kukuzia. Kwenye simu yake kulikuwa na ujumbe wa saa nne asubuhi: *Ninacho mbele ya macho yangu. Ni cha kweli.*

"Ulijuaje kama bibi anasafiri nacho?"

"Katika biashara yetu, Inspekta, hata ukuta hutuuzia habari."

"Nami nina ukuta kituoni hauuzi chochote. Twende ukauone?"

Guk alilegea. Alisema makumbusho walikuwa wamewauliza wataalamu wawili watatu, habari ikavuja. Alimbembeleza bibi kwenye treni amuuzie. Akakataliwa. Mchana alikuwa barazani akivuta sigara, akiona haya kurudi ndani. Mwenye mkahawa alikumbuka moshi wake.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Inspekta alikuwa na washukiwa wawili wanaonuka wizi na hana ushahidi wa kumshika hata mmoja. Alirudi kwa Bibi Pyo, akamsihi asimulie tena, tangu alipoliweka sanduku mezani.

"Nililiweka. Nikavuta ncha ya kitambaa, kikafunguka chote kama ua."

"Hukuhangaika na fundo?"

Mwanamke yule mzee alikunja uso.

"Halikuwapo," alisema. "Mimi nilipiga mafundo mawili, nikayakaza kwa meno. Na pale palikuwa na ncha tu, zimesokotwa na kupenyezwa chini. Nilikuwa namfikiria mume wangu. Sikuona."

Inspekta alitoka nje, akasimama chini ya micheri. Alikumbuka mwaka binti yake mkubwa alipoozwa. Mkewe alimpiga kofi mkononi alipotaka kukaza kamba ya zawadi za harusi. Kifurushi cha harusi hakipigwi fundo, alimwambia, usije ukawafunga watoto maisha yao. Hupenyezwa ncha tu.

Ni nani angefunga hivyo mzigo wa msiba? Mtu ambaye mikono yake imekuwa ikifunga vya harusi, siku nyingi, mpaka imezoea.

Alirudi ndani na kile kitambaa cha hariri na sanduku tupu, akamsogelea Eul-sun kwa upole.

"Mama, hivi ni vielelezo, navipeleka kituoni. Nifungie basi. Mikono yangu mimi inajua pingu tu."

Eul-sun alijifuta machozi akatandika kitambaa. Akaweka sanduku katikati, akanyoosha kunyanzi, akakunja pembe hii na ile. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe kama vya mshonaji. Alisokota ncha, akazipenyeza chini, akapapasa juu kwa kiganja.

Hakukuwa na fundo.

Bibi Pyo alikitazama kifurushi, kisha akamtazama wifi yake.

"Harusi ya nani, mama?" Inspekta aliuliza.

"Ya mjukuu wangu. Jumamosi. Wiki nzima nime..." Akasita. Mikono yake ilibaki juu ya hariri, haina pa kwenda.

"Iko wapi, wifi?" Bibi Pyo alisema.

Eul-sun alisema, sauti kavu, amekauka machozi yale yote ya uongo na sasa hana hata moja la kweli.

"Kwenye mtungi wa chumvi, uani mkahawani. Nilitaka kuitupa mtoni, nikaogopa. Ni Budha. Nikamzika kwenye chumvi, kitu safi."

"Kwa nini?"

"Wewe ulimwahidi mume, wifi. Mimi ni binti wa baba yangu. Wataandika kikaratasi, wataweka kwenye kioo: kiliibwa na Tak fulani. Wakwe wa mjukuu wangu ni watu wa kusoma, kila mwaka wako humu. Wangesema tunaoa ukoo wa mwizi wa mlimani. Mtoto yule hana kosa. Na baba... baba alitulisha kwa nyundo na patasi miaka arobaini. Aliiba siku moja tu."

"Na kijana wa watu je?" Inspekta aliuliza. "Ungemwacha aende jela?"

Eul-sun aliinamisha kichwa. Hapo tu ndipo alipolia.

Polisi walirudi kutoka mkahawani saa kumi na moja na dakika arobaini. Budha aliwekwa mezani, chumvi bado kwenye mikunjo ya joho lake. Mtunza makumbusho alileta fomu. Bibi Pyo aliweka sahihi mahali pa aliyerudisha, kisha kalamu ikasimama kwenye mstari wa pili: aliyekitoa mlimani.

Inspekta alisema kwamba mstari huo si lazima ujazwe.

Bibi Pyo hakumjibu. Alimpa wifi yake kalamu, kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake.

Eul-sun aliishika kitambo kirefu. Nje mlinzi alikuwa ameanza kufunga madirisha. Aliandika jina la baba yake kamili, herufi kubwakubwa za shule ya msingi, na mbele yake akaongeza maneno mawili ambayo fomu haikuyauliza: *fundi mawe*.

Kisha akasimama, akamwendea kijana Ma aliyekuwa mlangoni, akamwinamia mpaka kiuno.