Majibu Yaliyokwama Kati ya Vyumba Viwili

Mimi ni Jenipha. Nakaa mapokezi katika zahanati ya dada yangu Milembe, hapa Bariadi. Dada ndiye tabibu. Mume wake, shemeji Maganga, anashughulikia majengo na manunuzi. Kila asubuhi nawasalimu wagonjwa kwa Kisukuma, "Mwangaluka," naandika majina yao kwenye kompyuta, kisha wanakaa kwenye benchi kusubiri.

Kusubiri kunachosha. Kwetu mgeni haachwi akae hivihivi. Basi niliandika neno la siri la waifai ukutani, kwa herufi kubwa, kila mtu atumie simu yake. Watu wakafurahi, nami nikajiona mwema kweli.

Jumatatu moja Anyesi alifika kutoka Migato na mtoto wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa na homa kali. Dada akaagiza apimwe malaria na wingi wa damu. Keneth wa maabara alipima upesi, akatuma majibu saa nne na dakika ishirini. Maabara yetu iko jengo la nyuma. Majibu hupita kwenye waifai mpaka kompyuta ya dada.

Siku hiyo hayakufika. Keneth alijua ameshatuma. Dada alidhani kipimo bado. Anyesi alinijia mara tatu.

"Mdogo wangu, bado tu?"

"Bado, mama. Vumilia kidogo."

Majibu yalifunguka saa sita kasoro. Malaria kali, na damu imeshuka mno. Tulimkimbiza mtoto hospitali, akaongezewa damu. Alipona, lakini kwa bahati tu. Dada hakula siku hiyo.

"Mtoto mwingine akichelewa hivi, hizi kompyuta naziondoa," alisema. "Turudi kwenye karatasi."

"Bando ni dogo," shemeji akajibu. "Nanunua kubwa."

Shemeji akiona tatizo, ananunua kitu. Ndivyo alivyo. Alinunua bando kubwa, na wiki iliyofuata majibu yakakwama tena. Ndipo tukamwita Felisita, fundi wa mitandao ya kompyuta. Alikuja na kompyuta ndogo ya begani, futi ya kupimia na karatasi ya manila.

"Fundi, umekuja kutushonea nguo?" shemeji akamtania.

"Ndiyo, baba. Nisipowapima, itawabana."

Alianza kwa maswali. Kompyuta ngapi? Ziko vyumba gani? Kila moja inatuma nini? Saa ngapi mna watu wengi? Aliandika yote. Saa nne, benchi zikiwa zimejaa, akafungua programu inayoonyesha vifaa vyote vilivyoingia kwenye waifai yetu.

"Hamsini na moja," alisema. "Kompyuta zenu ni tano tu."

Nilitazama maandishi yangu ukutani. Aibu ilinishika, tena aibu kubwa. Felisita hakunitazama. Alikwenda maabara, akapima mwendo wa data kutoka kule mpaka chumba cha dada.

"Ona, baba. Bando ni la kutoka nje, kwenda kwenye intaneti. Majibu haya hayatoki nje. Yanatoka chumba hiki kwenda chumba kile. Humu ndani ndimo mlimosongamana, na kuta mbili za matofali zinapunguza nguvu ya waifai."

"Kwa hiyo bando halina kosa?"

"Halina. Hata ungenunua mara tatu yake, mngekaa vilevile."

Shemeji alicheka kidogo. Felisita akachora ramani ya majengo kwenye manila. Tulivuta futi pamoja kutoka ofisi ya shemeji mpaka maabara, kufuata njia ambayo waya utapita. Mita sitini na mbili.

"Waya mmoja wa mtandao usizidi mita mia," alieleza. "Hapa tuko salama. Msiuunge katikati, na msiulaze pamoja na waya wa umeme. Kompyuta zisizohama zote zipate waya. Waifai ibaki kwa simu."

"Nilete swichi ya matundu manane?" shemeji akauliza. Swichi ni kisanduku ambamo nyaya zote huchomekwa.

"Tuhesabu kwanza. Kompyuta tano, printa moja, kisanduku cha waifai. Hapo ni saba. Miaka mitatu ijayo mtaongeza nini?"

"Kuna mashine ya ultrasaundi," dada akasema. "Na chumba cha tabibu wa pili."

"Tisa. Manane hayatoshi. Chukua ya kumi na sita."

Kabla ya kuchimba mtaro wa waya, Felisita aliujenga mtandao wote kwanza ndani ya kompyuta yake, kwenye programu ya majaribio isiyolipiwa. Alikuta kosa moja, akalirekebisha pale pale, kabla hatujatoboa ukuta hata mmoja.

Mimi nilichukua kitambaa chenye maji nifute neno la siri.

"Acha, Jenipha," alisema Felisita. "Wageni wako hawana kosa, na wewe huna roho mbaya. Ila walipita njia moja na majibu ya maabara. Nitawapa mtandao wao peke yao, wenye kikomo. Wakijaa, watasubiriana wao kwa wao. Neno la siri la zahanati nitalibadilisha. Hilo msilitoe kwa mtu."

Kazi iliisha Jumamosi. Shemeji alitaka tupime Jumapili, zahanati ikiwa tupu. Felisita akakataa.

"Jumapili kila mtandao ni mzuri. Nitakuja Jumatatu saa nne."

Akaja. Benchi zilijaa, na watu walikuwa wanatazama video. Alipima mara tatu. Mwendo haukushuka.

Siku tisa baadaye aliletwa Veronica, mjamzito wa miezi minane, kizunguzungu kimemzidi. Keneth alituma majibu ya damu saa nne na dakika kumi na moja. Sikupata hata muda wa kumwita mgonjwa anayefuata. Mlango wa dada ulifunguka, na dada akatoka mbio huku amevaa kiatu kimoja.

"Jenipha, damu yake imeshuka mno. Ita gari. Sasa hivi."

Saa nne na nusu Veronica alikuwa hospitali.