Mteja Aliyetangulia Ndani

Rafiki yetu Getrude, dalali wa nyumba kule Lipangalala, hamtangulii mteja wa kiume ndani hata akiitwa jeuri. Jioni moja alipompeleka mteja kuona chumba, umeme ulikatika, na mteja mwenyewe alinuka shombo ya kambale.

"Tangulia dada, wewe ndiye unayeijua nyumba."

"Kaka, chumba ni kimoja, utapotelea wapi? Ingia!"

Mteja akaingia gizani. Getrude akabaki mlangoni. Mara akasikia kitu kikilamba, taratibu, kama ng'ombe anayelamba ndama.

"Njoo basi, dada. Panafaa."

Getrude akamulika ndani kwa simu. Hapakuwa na mtu, na nondo za dirisha zilikuwa nzima. Kuta zote zilikuwa zimelowa mate mazito yenye uvundo, na alama za ulimi mpana zilipanda ukutani, zikashika dari, zikaja mpaka mlangoni, juu ya utosi wake.