Jina la Ubatizo Kwenye Karatasi

Treni ya Kabalo ilikuwa imeingia, na kwenye stesheni ya Kalemie watu walisukumana kama hawana mama. Katika msukumano huo Kalenga, abakosti yake ya kijivu, ile suti ya maofisa isiyovaliwa tai, imepigwa pasi ikanyooka, alikanyaga fungu la miti ya muhogo aliyokuwa akiuza Adrienne. Badala ya kuomba radhi, akainama, akachuma jani.

"Mama, hii miti iko mugonjwa."

"Na macho yako je?"

"Jani limejikunja, lina madoa ya manjano. Mutu akiipanda, shamba yote itaharibika. Inafaa uichome."

"Anza kuchoma hiyo abakosti."

Kalenga alikuwa fundi mpya wa ofisi ya kilimo, ametoka Lubumbashi. Adrienne alimchukia palepale, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba yeye mwenyewe aligeuka mara tatu kumtazama.

Kalenga akazoea kwenda shambani kwa kina Adrienne, kando ya mto Lukuga, kuomba majani. Papa Hippolyte, baba yake Adrienne, alimwacha asimame juani bila kumpa kiti.

"Hayo majani unafanyia nini?" Adrienne alimuuliza siku moja.

"Ninayasaga, maji yake ninapaka mimea mingine. Ninataka kujua ugonjwa unashika nani, unaacha nani. Tumbako inashikwa. Mahindi na maharagwe, hapana. Ile virusi iko ya jamaa ya mapacha. Inakaa mbili-mbili, haikai peke yake."

"Basi inakushinda akili. Weye unakaa peke yako."

"Njo maana ninakuja hapa, Adrienne."

Jina hilo la ubatizo lilikuwa la nyumbani na kanisani. Kwenye makaratasi na sokoni, kama ilivyotaka serikali iliyokataza majina ya Kizungu, alikuwa sitoyene Ngoie, yaani raia Ngoie. Alipolisikia kinywani mwa mwanamume yule, moyo ulimwenda mbio. Alipenda, tusifichane.

Miezi miwili baadaye karatasi ya kuwaonya wakulima ikabandikwa mlangoni mwa ofisi ya kilimo. Ilikuwa ya Kifaransa. Claudine, muuza miti mwenzake Adrienne, aliyemwonea kijicho siku zote, akaibandua, akaenda kuigeuza Kiswahili katikati ya soko.

"Virusi: Adrienne. Inaambukiza muhogo na tumbako. Haiambukizi mahindi wala maharagwe. Jihadharini."

Mwaka ule wa 1989, neno virusi sokoni lilikuwa na maana moja tu, nayo ni sida, yaani ukimwi. Tena fundi yule alilijuaje jina la ubatizo la msichana kama hakulala naye? Hadi mchana hakuna aliyegusa fungu la Adrienne. Mama mmoja aliyempa mkono aliufuta haraka kwenye kitenge.

Adrienne akakaza kitenge kiunoni, akaenda ofisini.

"Nilikukosea nini, Kalenga?"

"Virusi tunaiita kwa pale tuliitoa. Ile ilitoka kwa shamba yako. Nilifikiri ni heshima."

"Heshima? Mbona hukuiita Kalenga? Watu wanaogopa mukono yangu. Papa tangu asubuhi hataki kula. Nani atanioa na hilo jina?"

"Nisamehe, mupenzi."

"Usiniite mupenzi humu ndani. Uliniharibia sokoni, utanitengeneza sokoni."

Kesho yake asubuhi Kalenga alipanda juu ya meza ya ndakala, wale dagaa wa ziwani, magamba yakamganda kwenye abakosti, akasoma karatasi mpya.

"Virusi: Kalenga. Iko ya muhogo, si ya watu. Mutu hawezi kuipata hata akila sombe ya majani yake kila siku. Miye nilikanyaga miti ya huyu dada, kisha nikakanyaga jina yake. Kosa ni yangu."

"Kumbe Kalenga anashika tumbako!" Claudine alidakia, na soko zima likacheka. Tangu siku hiyo aliitwa Papa Virusi, na hakuna aliyemwonea huruma.

Akashuka, akasimama mbele ya Adrienne.

"Ninataka kukuoa."

"Jina yangu uliichukua bila kuuliza," Adrienne alisema. "Hii ingine, ya kunioa, utaenda kuiuliza kwa Papa."

Jumapili Kalenga alifika Lukuga na fungu la miti mizima, isiyo na doa. Papa Hippolyte alikagua jani moja moja, mbele na nyuma, kama miti ya shamba lake ilivyokaguliwa na Kalenga. Hakusema karibu. Alimwita tu Adrienne, akamwambia alete kiti.