Mafuta Kwenye Rimu

Je, umewahi kupanda kilima kwa baiskeli mpaka ukafika mahali ambapo juu yako hakuna kitu tena isipokuwa anga? Kama bado, tulia nikueleze njia yake, maana msichana wa habari hii aliijua hata akifumba macho.

Unatoka mjini kwa barabara ya lami, unapita ghala la mbao, kisha lami inakatika na kokoto zinaanza. Hapo unasimama juu ya pedali, kwa sababu ukikaa kitini huendi popote. Ukifika kwenye mnara wa simu unashuka na kusukuma, jasho likikuingia mpaka masikioni. Halafu ghafla unatokea mgongoni, yaani pale juu ambapo kilima kimejinyoosha kama ng'ombe aliyelala. Upande mmoja unaona mabati ya mji yakimetameta. Upande wa pili mabonde yanafuatana, moja nyuma ya jingine, mpaka yale ya mwisho yanakuwa na rangi ya moshi.

Kila Jumapili asubuhi msichana huyo alikwenda huko na baba yake, fundi baiskeli, yeye akiwa amekaa kwenye karia. Baba alimwita Spoku, kwa jina la zile nyaya nyembamba za gurudumu, kwa kuwa alikuwa mwembamba na hapindiki kirahisi. Mtaa mzima ukalishika jina hilo. Wakifika juu, baba alihema na kusema maneno yaleyale: "Leo kilima kimenenepa." Na Spoku alicheka kila mara kana kwamba hajapata kuyasikia.

Kisha baba akaugua kifua. Kwanza aliacha kupanda kilima, baadaye akaacha kwenda kazini, mwishowe akaacha kutoka chumbani. Mvua za mwaka huo zilipokwisha, hakuwapo.

Karakana ilibaki kwa baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu, ambaye kazi alifundishwa na kaka yake huyohuyo. Siku moja aliichukua baiskeli ya marehemu, akabadilisha waya na raba za breki, akashusha kiti, akaileta nyumbani. Mama Spoku, mshonaji, aliipokea barazani.

"Asante, shemeji," alisema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe nisikilize vizuri. Hii ni ya kwendea shule na sokoni. Mgongoni usiende. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Kusikia alisikia. Lakini kila alipotoka shuleni, kilima kilikuwa palepale mbele yake, na moyo ukamwambia kwamba kama baba amebaki mahali popote, basi ni kule.

Jumamosi iliyofuata akaaga kwamba anakwenda kudurusu kwa rafiki yake, binti wa mwoka mikate. Huyo walimwita Redio, na mwenyewe alikubali kwamba jina limempata. Kabla ya kuondoka, Spoku aliitazama baiskeli akaona rimu, zile pete za chuma za magurudumu, zimefifia. Wakati wa baba ziling'aa mtu akaweza kujiona uso. Basi alichukua chupa ndogo ya mafuta ya cherehani ya mama, akalowesha kitambaa, akazisugua zote mbili mpaka zikawaka kama vijiko vipya.

Walipanda kwa kupokezana, mmoja kwenye pedali na mwingine akisukuma kwa nyuma. Redio alizungumza njia nzima.

"Redio, nyamaza kidogo. Tunakaribia."

"Mbona nimenyamaza tangu kwenye mnara? Hapa nahema tu kwa sauti!"

Wakatokea juu. Mabati yalikuwapo, mabonde yalikuwapo, na ule moshi wa mbali ulikuwapo. Spoku akasimama mahali alipozoea kusimama, akavuta pumzi, akasema, "Leo kilima kimenenepa."

"Kilima hakinenepi, bwana," alisema Redio. "Nani kakudanganya?"

Spoku aligeuka upande wa mabonde, akalia bila sauti. Redio alipoona mabega yake yanatikisika, alisogea akasimama karibu naye.

Kushuka, Spoku alishika usukani, Redio akakaa kwenye karia. Mteremko ulipoanza kukaza, Spoku akabana breki. Baiskeli haikusikia. Akabana tena kwa nguvu zote, nayo ikazidi kukimbia, kokoto zikiruka huku na huku. Kwenye kona walitoka njiani wakatumbukia mtaroni. Spoku aliinuka na michubuko. Redio hakuinuka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo.

Mwenye pikipiki aliyekuwa akipita alimpakia Redio na kumkimbiza zahanati. Spoku alibaki kuisukuma baiskeli peke yake. Njiani aliigusa rimu, na kidole kikateleza.

Mtoto wa fundi hahitaji kuelezwa. Breki ni raba zinazoikamata rimu. Rimu ikiwa na mafuta, raba zinateleza tu. Akakumbuka sasa, wakati umeshapita, kwamba baba alitia mafuta kwenye mnyororo, lakini rimu alizifuta kwa kitambaa kikavu, siku zote.

Alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alipita uani, akachukua sabuni ya unga na ndoo ya maji, akaziosha rimu mpaka zikakwaruza kidole. Ndipo akaenda kwa mama.

"Ilikuwaje?" mama aliuliza huku akimkagua michubuko.

"Breki hazikushika," alisema Spoku, na akaishia hapo.

Jioni mwoka mikate alifika karakana, aproni ingali na unga.

"Fundi, breki umezifunga juzi, leo mwanangu yuko kwenye plasta! Ulikuwa umelala?"

"Nilizijaribu, ndugu yangu," alisema baba mdogo.

"Ulizijaribu na nini, na mdomo?"

Baba mdogo aliifuata baiskeli nyumbani kwa kina Spoku, akayazungusha magurudumu, akabana breki. Zilishika vizuri kabisa. Akafungua kila skrubu, akafunga, akabana, zikashika tena. "Sielewi," alikuwa akijisemea. "Sielewi kabisa." Spoku alikuwa mlangoni akimtazama.

Kwa mwoka mikate ndiko mtaa mzima hupita asubuhi, kwa hiyo habari ilienea pamoja na mikate. Watu wakaanza kupeleka baiskeli zao kwa fundi mwingine ng'ambo ya barabara. Baba mdogo alikaa kwenye benchi la karakana, mikono juu ya magoti, mikono safi kuliko inavyotakiwa mikono ya fundi.

Siku moja Spoku akitoka shuleni alimkuta anapanga spana ndani ya sanduku.

"Unakwenda wapi, baba mdogo?"

"Nitatafuta kibarua ghala la mbao. Kaka aliniachia kazi yenye jina zuri, nami nimeliharibu. Huenda macho yangu hayafai tena kazi hii, mwanangu."

Hapo Spoku hakuweza tena. "Si macho yako! Nilizipaka rimu mafuta ya cherehani ili zing'ae kama za baba. Kosa langu nililijua baada ya kuanguka. Nikaziosha kwa sabuni usijue."

Baba mdogo akabaki na spana mkononi. Aliigeuzageuza mpaka Spoku akatamani agombezwe.

"Kutia mafuta kulikuwa kutojua," alisema mwishowe. "Hilo hata nisingelikukasirikia. Lakini ulipoishika sabuni, hapo ulikuwa unajua. Uliniacha nikae hapa nijidhanie kipofu. Ukikosea, Spoku, sema siku ileile, kosa likiwa bado dogo, kwa sababu ukilificha, anayelibeba ni mwingine. Twende."

Walikwenda kwanza kwa mwoka mikate. Spoku alisema yote mbele ya wateja, na Redio, mkono ukiwa shingoni, akamsikiliza.

"Na mimi umenivunja mkono, na siri ukaninyima pia," alisema Redio. "Sasa utaninakilia masomo mpaka plasta itoke. Na mwandiko uwe mzuri!"

Mwoka mikate akamshika baba mdogo mkono. "Ndugu yangu, nilikutukana bure. Kama mtaa ulisikia kwangu, utasikia tena kwangu." Akageuka akaanza na mteja wa mbele.

Mama aliambiwa mwisho, barazani. Aliweka chini nguo aliyokuwa akiishona na kusikiliza mpaka mwisho. Kisha hakuuliza juu ya mafuta wala sabuni.

"Huko juu ulifuata nini?"

"Nilidhani nitamkuta," alisema Spoku. "Hayupo, mama. Ni upepo tu."

Mama akamvuta karibu. Machozi yalimdondoka, na hakuyafuta.

"Alikuwa akiniomba," alisema. "Kila Jumapili kabla hamjaondoka alikuja jikoni: 'Mama Spoku, leo twende wote.' Nami nilimjibu kila mara kwamba nina nguo ya mtu ya kumaliza, aende tu, nitakwenda wiki ijayo. Nikikuzuia kwenda mgongoni, naogopa kuanguka, ndiyo, lakini si hilo tu. Sikuweza kuvumilia hata kusikia jina la mahali hapo." Akatazama kilima. "Nilitaka kwenda, mwanangu. Nilitaka anionyeshe."