Kipa wa Lupepo Aliyefungiwa Maisha

"Jina langu litatoka lini kwenye orodha yako?"

Ambwene aliinua uso kutoka kwenye simu aliyokuwa anaifungua. Mlangoni mwa kibanda chake cha ufundi, karibu na stendi ya Tukuyu, Winfrida alikuwa amesimama na mwavuli unaochuruzika maji. Miaka miwili ilikuwa imepita bila wao kusemezana.

"Ingia ndani, unalowa."

"Nimeshalowa. Nijibu."

Ambwene alijua ni orodha gani. Kwenye kundi la WhatsApp la ligi yao, chini ya sheria, bado kulikuwa na mstari mmoja: Winfrida, kipa wa Lupepo, amefungiwa maisha, kosa kukimbia mechi.

Ligi hiyo waliianzisha wao wawili, wakati wanapendana. Ulikuwa mpira wa kwenye simu, watano kwa watano, kila mtu yuko kwao na bando lake. Timu zilitoka Lupepo, Kawetele, Matwebe na mjini. Haikuchukua muda ugomvi ukaanza. Aliyeona anafungwa alizima simu na kuwaacha wenzake wanne. Wengine walitukana mpaka wasichana wakaanza kujitoa. Ndipo wakakaa kibandani kutunga adhabu, mvua ikipiga bati wiki nzima, wanagawana ndizi za kuchoma na koti moja wamejifunika miguuni. Winfrida alisoma kila kifungu kwa sauti ya hakimu, halafu akashindwa kujizuia kucheka. Hata baada ya kuachana, kila Ambwene aliposikia mvua nzito alikisikia na kile kicheko.

Tusi la kwanza wiki moja, la pili mwezi. Kuhusu kukimbia mechi, Winfrida alitaka mtu aulizwe kwanza, maana mvua ikizidi umeme na mtandao huondoka. Ambwene alikataa, akasema kila mtu atasingizia mtandao. Wakaandika mwezi mmoja, bila kuuliza.

Ikaja Jumamosi ya nusu fainali. Zilibaki dakika tano, Lupepo na Kawetele wako mbili kwa mbili, kipa wa Lupepo akatoweka. Lupepo wakafungwa. Kundi zima likaanza kusema kwamba mchumba wa mwenyekiti hataguswa. Ambwene, aliyekuwa mwenyekiti wa ligi, aliyaogopa maneno hayo. Hakumpigia Winfrida. Kabla dakika kumi hazijaisha akaandika:

"Winfrida amekimbia mechi. Amefungiwa maisha. Hapa hakuna cha mchumba."

Walimsifu sana.

Jumatatu yake Agness, aliyecheza timu moja na Winfrida, alikuja kumweleza kilichotokea. Mama yake Winfrida alikuwa ameanguka shambani kwenye chai. Kiharusi. Simu ile ile ya mechi ndiyo iliyoita bodaboda ya kumwahisha hospitali. Ambwene alitaka kulifuta tangazo lake, kisha akaona ataonekana kigeugeu, akangoja watu wasahau kwanza. Alipokuja kupiga, Winfrida alikuwa ameshamblock.

Mama hakuinuka tena. Alizikwa mwezi uliopita. Ambwene alienda kuzika, akasimama nyuma kabisa kwenye migomba, akaondoka bila kumpa mtu mkono.

"Pole na msiba," alisema sasa, kwa sauti ndogo.

"Siku ile ya kuzika kuna mtu alisema, 'Mkimbiaji naye yupo.' Nimemgeuza mama kitandani miaka miwili, Ambwene. Asubuhi na jioni. Halafu naitwa mkimbiaji, naye amelala pale mbele yangu."

Ambwene aliiweka bisibisi chini.

"Kwa nini hukunipigia hata mara moja?" Winfrida aliuliza.

"Niliogopa watasema nakupendelea."

"Kwa hiyo ukanionea, ili uonekane mtu wa haki."

"Ndiyo."

Alidhani ataondoka. Lakini Winfrida alifunga mwavuli, akavuta stuli, akasema alete sheria waziandike upya. Ambwene, kwa aibu, akataka waifute kabisa adhabu ya kukimbia. Winfrida akakataa.

"Wapo wanaokimbia kweli, na wanne wanaobaki wanaumia. Adhabu ibaki. Ila mtu aulizwe kwanza, na ajue inaanza lini na inaisha lini."

Wakampa mchezaji siku mbili za kujieleza. Wakaandika kwamba anayeamua asiwe ndugu wala mchumba wake, na aliyeonewa asafishwe pale pale alipochafuliwa. Winfrida alisoma mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, akachukua mwavuli wake akaondoka.

Mchana huo Ambwene aliandika kwenye kundi:

"Winfrida hakukimbia. Mama yake alianguka, akaenda kumwokoa. Nilijua ukweli siku mbili baadaye nikanyamaza. Sheria yetu ilisema mwezi mmoja, mimi niliandika maisha ili mnisifu. Winfrida, naomba radhi mbele ya wote. Uenyekiti nauacha, Agness ataushika."

Pole zikaanza kuingia, na mmoja akaandika kwamba yeye ndiye aliyesema lile neno msibani, anaona aibu. Winfrida hakuandika kitu.

Siku nne zilipita. Jumamosi asubuhi simu ya Ambwene ikaita, na ile picha ya zamani ya Winfrida, amevaa sweta la bluu, ikatokea. Aliiacha iite kidogo, aitazame.

"Nimesoma ulichoandika," Winfrida alisema. "Nimemsomea na baba."

"Nashukuru."

"Kuna kitu sikukwambia. Mama alikuwa anakuulizia. Kila wiki. 'Yule Ambwene wangu mbona haji?' Nilikuwa namwambia una kazi nyingi, na kwamba unamsalimia."

Ambwene alikaa chini palepale mlangoni.

"Mbona hukumwambia ukweli?"

"Alikupenda. Sikutaka akuchukie kwa jambo ambalo mwenyewe sijakuuliza."

Ambwene alisikia kuku wa kwao Winfrida wakilia kwenye simu, na mtu mzima anakohoa kwa mbali.

"Leo tunapanda maua kaburini," Winfrida alisema. "Baba anajua unakuja."

Alikifunga kibanda na simu za watu zikiwa bado wazi mezani. Alipofika Lupepo alimkuta Winfrida kando ya barabara, pale chai inapoanzia, ameshika majembe mawili. Akampa moja, wakashuka pamoja.