Maji ya Bwawa la Ngozi

Shangazi yetu, mpima maji, si mtu wa kutishwa ovyo. Mbwa wa jirani akimbwekea, naye humbwekea. Asubuhi ile aliingia maabara ya kituo cha majitaka, akavaa koti lake jeupe, akaanza kuosha chupa huku akiimba. Hakuwa na hili wala lile.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa maji ya bwawa la kiwanda cha ngozi. Kiwanda kilikuwa kinaomba ruhusa ya kuyafungulia mtoni, na huko mtoni ndiko mtaa mzima wa kina shangazi unakochota maji. Pasipo kipimo cha kuonyesha ubaya wa maji yale, ruhusa ingetoka tu. Wapimaji wawili waliomtangulia hawakufika mwisho wa kipimo hicho. Wa kwanza aliacha kazi, anahema mpaka leo. Wa pili walimkuta sakafuni, hana pumzi, na maji yamemwagika kando yake.

Mzee wa pampu, aliyemletea ndoo, aliitua mlangoni. Ndani hakutia mguu.

"Dada, yamwage haya," alinong'ona. "Bwawa lile limefanyiwa dawa. Linakula pumzi za watu."

"Maji machafu yote hula hewa, Mzee. Kazi yangu ni kupima yanakula kiasi gani."

"Yatakula yako."

"Basi leo yatalala na njaa."

Akachanganya maji ya bwawa na maji safi yaliyopulizwa hewa, akayamimina kwenye chupa polepole, yakiteleza ubavuni mwa glasi. Kipimo hiki hakitaki hata kipovu kimoja kibaki ndani. Kikibaki, kazi yote ni bure. Akaigonga chupa kwa ukucha. Safi. Akaifunga kwa kizibo cha kioo.

Kipovu kikatokea.

Akafungua, akajaza, akafunga tena. Kikarudi, kikubwa zaidi. Akashusha pumzi, kipovu kikavimba. Akashusha tena, kikavimba tena, na kifua chake kikabana. Hapo ndipo alipoelewa. Hewa iliyokuwa chupani ilikuwa yake.

Aliogopa jamani, aliogopa kwelikweli. Halafu akasikia sauti nyembamba, chini ya kizibo.

"Mwaga."

"Simwagi."

"Mwaga, upumue."

"Watu wa mtaani kwangu wanywe uchafu ili mimi nipumue? Thubutu!"

Akang'oa kizibo. Akavuta pumzi ndefu, akaibana. Akajaza chupa. Kifua kinawaka. Akagonga glasi. Macho yanaingia giza. Pumzi hatoi ng'o! Akafunga. Akamimina maji kuzunguka shingo ya chupa, hewa isipate pa kupenya. Akatazama.

Hamna kipovu.

Ndipo akapumua, akikohoa na kutukana kwa zamu. Akaiingiza chupa kwenye kabati lenye giza, inapotakiwa kukaa siku tano, akafunga mlango. Mara ngo! ngo! ngo! kutoka ndani.

"Gonga mpaka uchoke," akasema. "Ufunguo ninao mimi."

Siku ya tano alifungua, akapima. Hewa iliyoyeyuka majini mle chupani ilikuwa imeliwa karibu yote, ishara ya uchafu mkubwa. Kiwanda kikanyimwa ruhusa, na mtaa ukaendelea kuchota maji yake. Hata mzee wa pampu alikuja kumpa hongera, japo aliishia palepale mlangoni.

Sasa, kuna jambo moja ambalo sisi nyumbani hatujalielewa. Shangazi anakula, anacheka, anatugombeza kama kawaida. Lakini asubuhi za baridi, wote tukitoa mvuke mdomoni, yeye hatoi. Hupuliza miwani yake aifute, na kioo hakipati ukungu hata chembe. Juzi baba, kaka yake, alishindwa kuvumilia. Alimnyemelea amelala kochini mchana, akamwekea kioo puani. Akangoja. Akangoja sana. Kioo kikabaki kikavu, kinang'aa.

Shangazi akafumbua jicho moja.

"Umemaliza kupima?" akamwuliza. "Basi niache nilale, kaka. Kesho nina maji ya kiwanda cha sabuni."